Nilivyobadilisha Paneli za Kapeti Ndani ya MGB GT

Paneli za kapeti kwenye gari la zamani huoza kuanzia nyuma, upande usioonekana. Ukiona paneli imevimba ukingoni au imeachia klipu zake, jua imekuwa ikinywa maji kwa miaka, na ile kapeti ya juu ndiyo iliyokuwa ikiyaficha. Naandika kwa ajili ya yule aliyepata gari la michezo la zamani, amelipenda, na sasa anatazama kapeti iliyopauka akidhani ni kazi ya mkasi na kopo la gundi. Mtu asiye fundi anaiweza. Mimi si fundi na nimeifanya nyumbani, isipokuwa kuchomelea bati, na kipande kimoja ambacho bado sijakimaliza nitakitaja mwishoni. Ila kazi hii ina mpangilio wake, na ukiuruka utavua kila kitu na kuanza upya.

Gari langu ni MGB GT, ile yenye paa la bati na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. MGB ya wazi ilitoka mwaka 1962, GT ikafuata 1965 ikiwa na paa ambalo Pininfarina wa Italia walishiriki kulisanifu, na kiwanda cha Abingdon, Uingereza, kikaendelea kuziunda hadi 1980. Kwa jumla yalitoka magari zaidi ya 500,000, ndiyo maana hadi leo vipuri vyake vya ndani bado vinatengenezwa. Hilo ni jambo la kushukuru, maana mwenye gari adimu zaidi hulazimika kuchonga kila kipande mwenyewe.

Ndani ya GT kapeti imetapakaa kuliko unavyodhani ukiwa umeketi. Iko kwenye vizingiti vya milango, juu ya handaki la gia (ule mwinuko wa bati katikati ya sakafu unaofunika giaboksi), kwenye ukuta ulio nyuma ya viti vya mbele, mgongoni mwa kile kiti kidogo cha nyuma, na kwenye sakafu ya mizigo. Paneli za milango kiwandani zilivikwa vinaili juu ya hadibodi. Kwenye gari langu mmiliki wa zamani alikuwa ameongeza kapeti nusu ya chini ya kila mlango, pale viatu vinapokwaruza wakati wa kupanda na kushuka. Wapenzi wa uasilia hawatakubaliana nami, lakini niliuacha mtindo huo uendelee, kwa sababu kapeti inavumilia viatu kuliko vinaili. Anayetaka kulirudisha gari kama lilivyozaliwa anaweza kuomba cheti kwenye hifadhi ya British Motor Museum, Gaydon. Cheti hicho huandikwa kutokana na kumbukumbu za kiwanda, na hutaja rangi ya nje na ya ndani ambayo gari lilitoka nayo. Kiombe kabla hujanunua kapeti.

Kazi inaanza kwa betri. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1974 zina betri mbili za volti 6 zilizoungwa kwa mfuatano, nazo zimelala chini ya sakafu nyuma ya viti vya mbele, chini ya kifuniko kilichofunikwa na kapeti. Kwa hiyo kapeti unayotaka kuibadilisha ndiyo mlango wa betri, na ukiibandika moja kwa moja bila kuacha njia utajuta siku betri itakapokufa ukiwa barabarani. Zitenganishe kabla ya kugusa skrubu yoyote. Nyaya za redio na za taa za ndani hupita nyuma ya paneli, fyuzi za gari hili ni chache, na baadaye utalijaza gari mvuke wa gundi ambao cheche moja inatosha kuuwasha. Tena kama gari ni la kabla ya toleo la Mk II la 1967, bodi imeungwa kwenye chanya ya betri, si hasi. Andika kipi kilikuwa wapi kabla hujalegeza nati.

Viti vya mbele hutoka vyote viwili. Boliti zake nilizimwagia mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, maana zinaingia kwenye nati zilizofungwa ndani ya sakafu, na nati ya namna hiyo ikikatika toka kwenye bati unakuwa umejiongezea kazi nyingine kabisa. Kila skrubu niliyotoa iliingia kwenye mfuko wake wenye jina: mlango wa kulia juu, kizingiti cha kushoto, na kadhalika. Skrubu za mapambo zina wosha za kikombe zinazoonekana kwa nje, nazo zina urefu tofauti. Ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa waya au kugusa kioo cha mlango kikishuka. Picha nilipiga nyingi kuliko nilivyodhani zingehitajika, na bado kuna pembe nilizitamani baadaye, hasa namna ukingo wa kapeti unavyoingia chini ya mkanda wa raba ya mlango.

Paneli ya mlango usiivute kwa ukingo. Klipu zake zimejikita kwenye matundu ya bati, na hadibodi iliyolowa haina nguvu ya kushindana nazo: klipu inabaki kwenye bati na kipande cha paneli kinabaki kwenye klipu. Ingiza kifaa bapa cha plastiki pembeni kabisa mwa klipu, uizungushe taratibu, kisha nenda kwenye inayofuata. Vipande vyote vilivyokatika viokote, hata vidogo kama ukucha. Paneli mbovu ni mchoro wako pekee, na mchoro usio na kona hauna faida.

Chini ya kapeti kulikuwa na felti nene, na felti ilikuwa imelowa. Nilipoinua ya upande wa abiria ikachuruzika maji ya rangi ya chai, na bati lililokuwa chini yake likaachia magamba. Nilichukua bisibisi nikagonga kwenye kona ya sakafu inapokutana na kizingiti. Sehemu moja ililia kama bati, nyingine haikulia kabisa, bisibisi ikapenya.

Hapo niliishiwa nguvu. Siku hiyo sikuendelea, na kwa muda fulani nilikuwa nikipita karibu na gari bila kulitazama. Mwenye MGB anapaswa kujua kwa nini jambo hili si la urembo: gari hili halina chasi ya kujitegemea kama ile ya MGA iliyolitangulia. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba, na vizingiti ni sehemu ya uti wake wa mgongo. Kizingiti kilichooza chini ya kapeti mpya ni gari linalojikunja katikati polepole huku mwenyewe akifurahia harufu ya upya.

Kwa hiyo fedha nilizotenga kwa ajili ya kapeti zilikwenda kwa mchomeleaji. Nasema hili waziwazi kwa sababu hesabu nyingi za kazi hii huandikwa kwa bei ya kapeti tu. Ukipanga, weka fungu la bati kabla ya fungu la kapeti, na kama bahati itakuwa yako fungu hilo litabaki. Mchomeleaji asiwashe moto hadi felti, kapeti na sponji vyote viwe nje, na ajue mabomba ya mafuta na ya breki yanapita wapi chini ya sakafu. Madoa ya kutu ya juu juu niliyashughulikia mwenyewe: msasa, dawa ya asidi ya fosforiki inayobadilisha kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia, praima, rangi, kisha nta ndani ya vizingiti. Vaa barakoa nzuri unapokwangua lami na mabaki ya zamani ya kuzuia kelele. Baadhi ya vifaa vya enzi hizo vilikuwa na asbesto, kwa hiyo lowesha kwanza, usivisage vikavu.

Bati likishapona, kazi inayofuata si kapeti bado. Ni kujua maji yalitoka wapi. Tuliifanya watu wawili, mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji usio na kasi, tukianzia chini na kupanda pole pole, tukisubiri kila kituo kabla ya kwenda juu zaidi. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Sakafuni tulitandaza karatasi laini kavu, ambayo huonyesha tone la kwanza kabla jicho halijaliona. Raba za milango tulizipaka vumbi la chaki, tukafunga mlango na kuufungua. Mstari wa chaki unaohamia kwenye bati ukikatika mahali, raba haigusi hapo.

Kwenye MGB kuna mhalifu mmoja anayesahaulika sana. Hewa ya kuingia ndani hupitia kwenye wavu ulio mbele ya kioo cha mbele, na maji ya mvua yanayoingia humo hutolewa na mrija. Mrija ukizibwa na majani yaliyooza, boksi la hewa hujaa na maji hushuka kwenye miguu ya dereva na abiria. Mrija wangu ulitoa uchafu mweusi mzito, kisha maji yakaanza kupita. Jambo jingine la kupima ni kama maji ni ya mvua kweli. Yakinata vidoleni na kunukia utamu, hayo ni maji ya rejeta kutoka kwenye hita au mipira yake, na raba mpya za milango hazitakusaidia kitu.

Sasa milango, na hapa naomba msomaji atulie. Wengi huamini maji hayapaswi kuingia ndani ya mlango. Yanaingia, kila mvua ikinyesha, kwa sababu kioo hupanda na kushuka na mkanda wa raba ulio kando yake haufungi kabisa. Mlango umeundwa hivyo: maji yashuke ndani yake, yafike chini, yatoke kwa matundu madogo ya ukingo wa chini. Kinachoikinga paneli yako ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye bati la ndani la mlango, nyuma ya paneli. Plastiki hiyo hudharauliwa na karibu kila anayefungua mlango kutengeneza kitasa au kioo. Huichana, huitupa, au huirudisha kwa vipande vya selotepu. Kwenye gari langu upande mmoja haikuwepo kabisa, na paneli ya upande huo ndiyo iliyokuwa imevimba hadi kukataa kukaa.

Nilikata plastiki nzito mpya kwa kufuata umbo la mlango, nikaibandika kwa gundi laini ya utepe ile isiyokauka, ili siku nyingine mtu aweze kuifungua bila kuichana. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni ukingo wa chini: plastiki lazima iingie ndani ya mlango kupitia nafasi iliyo chini ya bati, siyo kuning'inia mbele yake. Tone likiteremka juu ya plastiki linapaswa kurudi ndani ya mlango lifuate njia ya matundu. Plastiki ikiishia nje, tone lile lile linatua juu ya ukingo wa chini wa paneli, na hapo ndipo uvimbe unapoanzia. Matundu ya chini niliyapitisha waya hadi nikaona maji yanatoka bila kizuizi. Kazi yote hii haionekani ukishafunga paneli, na ni mlangoni nilipotumia uangalifu wangu mwingi.

Kuhusu kitu cha kutengenezea paneli, kiwandani walitumia hadibodi, aina ya ubao uliopata umaarufu kupitia William H. Mason wa Marekani miaka ya 1920. Ni nyuzi za mti zilizosagwa kwa mvuke na kushindiliwa kwa joto hadi zikashikana. Ni nyepesi, rahisi na laini kwa nje, lakini maji yakiingia nyuzi zile hukumbuka zilivyokuwa na kufumuka. Ukiipaka vanishi pande zote, kingo zote na ndani ya kila tundu, hadibodi mpya itadumu miaka mingi. Mimi nilichukua plaiwudi ya baharini ya milimita 3 kwa paneli bapa, na plastiki ngumu kwa nusu ya chini ya milango. Plaiwudi nayo niliipaka vanishi, kwa sababu gundi yake hustahimili maji ila mbao zenyewe hazipendi kulowa.

Kuhamisha umbo si kazi ngumu ila inahitaji utulivu. Laza paneli ya zamani juu ya ubao mpya, ibane isisogee, chora kwa penseli kali, kisha toboa matundu ukiwa bado umeibana. Usidhani paneli ya kushoto ni ya kulia iliyogeuzwa. Bodi hizi zilikamilishwa kwa mikono na matundu ya pande mbili hayalingani. Nilipima yangu na kukuta tofauti inayotosha kufanya klipu isiingie. Nyuma ya kila ubao andika upande, juu na mbele. Pale kona ya zamani ilipokuwa imeoza, nilichukua umbo kutoka kwenye gari lenyewe kwa kadibodi, nikilirekebisha kidogo kidogo kwa mkasi hadi likakaa. Kisha jaribu ubao mtupu kwenye gari, klipu zote ndani, mlango ukifungwa na kufunguliwa, kabla ya kuuvika chochote.

Jaribio hilo lifanye ukikumbuka kuwa kapeti itaongeza unene. Kapeti nene kwenye mlango inaweza kuusukuma mkono wa kioo nje hadi usishike mhimili wake vizuri, na ukingo uliokunjwa kapeti mara mbili unaweza kugusa raba ya mlango na mlango ukakataa kufunga. Dawa yake ni kunyoa manyoya ya kapeti kwenye sehemu inayokunjwa nyuma, ibaki tu ngozi yake ya chini.

Kapeti yenyewe nilichagua ya nailoni yenye manyoya mafupi yaliyokatwa. Sufu ni nzuri zaidi kwa macho, na haishiki moto upesi, lakini inashika maji na inakauka kwa shida. Polipropilini ni nafuu na haifyonzi maji, ila huyeyuka haraka chini ya hewa moto unapoivuta. Nunua yote kutoka bunda moja na uzidishe kidogo, maana rangi ya bunda jingine haitalingana hata jina likiwa lile lile. Halafu pitisha kiganja juu yake ujue manyoya yanalala upande gani. Nyuma ya kila kipande chora mshale wa chaki unaoelekea nyuma ya gari. Kipande kimoja kikigeuzwa, mwanga wa kioo cha nyuma utakionyesha kana kwamba ni rangi tofauti, na hakuna brashi itakayolirekebisha hilo.

Kwa handaki la gia na sakafu ya mbele nilinunua seti iliyokatwa tayari. Kushona mikunjo ile kunahitaji mashine nzito na mkono wa fundi viti. Ushauri wangu ni kununua seti kwa sehemu zenye maumbo, na kutengeneza mwenyewe sehemu zote bapa. Lakini agiza kwa namba ya chasi, usiagize kwa jina la gari tu. Mk II ya 1967 ilipata giaboksi mpya na handaki pana zaidi, kwa hiyo seti ya gari la kabla ya hapo haitalivaa. Ikifika, ifunue ilale siku nzima mahali penye joto, kisha ipange yote kwenye gari ikiwa kavu, vipande vyote, kabla ya kubandika hata kimoja. Muuzaji wangu alikuwa ametuma kipande kimoja cha upande usio sahihi. Kama ningekuwa nimeshaanza kupaka gundi, asingekubali kukibadilisha.

Gundi ndiyo inayoamua kazi itadumu au la. Gari likikaa juani, dashibodi inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na gundi nyingi za kupuliza za kopo hulainika kabla ya hapo. Kapeti za wima huanza kuning'inia, kwanza juu ya matao ya magurudumu. Hiyo ndiyo sababu kapeti ya zamani ya gari langu ilikuwa imebandikwa na kubandikwa tena, tabaka juu ya tabaka. Tumia gundi ya kupaka pande zote mbili, ile ya mafundi viatu na viti, yenye neoprini na iliyoandikwa kuwa inastahimili joto. Paka nyuma ya kapeti, paka ubao, subiri hadi ukigusa kwa kifundo cha kidole isinate, kisha kutanisha. Tabaka mbili nyembamba zinashika kuliko moja nene, na kapeti yenyewe hunywa ya kwanza.

Tatizo la gundi hii ni kwamba pande mbili zikigusana hazirudi nyuma. Fundi viti mmoja mzee alinifundisha kuweka karatasi ya kuokea katikati: unaipanga kapeti juu yake bila kushika, ukiridhika na mahali pake unabandika ukingo mmoja, halafu unavuta karatasi kidogo kidogo huku ukisukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. "Usivute kapeti, kijana," aliniambia, "isukume. Iliyovutwa hurudi." Ni kweli. Kapeti iliyonyooshwa kwa nguvu wakati wa kubandikwa itajikusanya joto likija, na kingo zitaachia. Fanya kazi milango yote ikiwa wazi, mbali na moto wowote, na upumzike nje. Mvuke wa toluini ulio kwenye gundi hizi unauma kichwa kabla hujagundua kwamba umeshauvuta mwingi.

Matao ya magurudumu yalinichosha kuliko kitu kingine chochote. Kuvika kapeti bapa juu ya tao ni kama kuuvika mpira soksi: mahali fulani lazima nguo izidi. Nilianzia kilele cha tao, nikateremka pande zote mbili kwa hewa moto ya wastani, nikiilainisha kapeti na kuisukuma. Pale ilipozidi, kwenye upinde wa nje, nilikata vipembe vya V nyuma ya mkunjo ili vifunge vyenyewe. Kwenye upinde wa ndani nilikata mipasuo myembamba ili ifunguke. Tao la kwanza lilionekana la mwanafunzi, la pili la kuridhisha. Kwa hiyo anza na lile lililo nyuma ya kiti cha dereva, ambalo halionekani sana.

Matundu ya skrubu usiyatoboe kwa keekee ya umeme kupitia kapeti. Meno ya keekee hudaka uzi mmoja, uzi hujizungusha, na kabla ya kidole kuachia swichi mstari mzima wa manyoya umeng'oka hadi ukingoni, ukabaki mfereji mweupe usiozibika. Tafuta tundu kwa msumari mwembamba kutokea nyuma, kisha pitisha chuma cha moto kama cha kuchomelea risasi. Nailoni huyeyuka kandokando na kujifunga yenyewe, skrubu inapita bila kuushika uzi wowote.

Mikanda ya usalama haina msamaha. Boliti zake ni za inchi 7/16 zenye meno ya UNF (meno laini ya kipimo cha inchi), na lazima zikae chuma kwa chuma. Kata kapeti duara lenye nafasi ya kutosha kuzunguka kila kiini cha boliti, na rudisha kila wosha na spesa kwa mpangilio ulioupiga picha. Kapeti ikibanwa katikati, italegea kadiri inavyoshindiliwa, na boliti iliyokuwa imekazwa leo haitakuwa imekazwa mwakani. Kwenye pedali pia uwe mkali. Sukuma ya mafuta hadi mwisho na uiachie, mara nyingi, ukitazama kama kapeti au felti mpya inaigusa. Pedali ya mafuta inayochelewa kurudi kwa sababu ya mkunjo wa kapeti inaweza kuua.

Upande wa mbele nimefunga vyote, kuanzia handaki, kisha ukuta wa nyuma ya viti, vizingiti, matao, milango, na viti mwishoni kabisa, baada ya kuliacha gari madirisha wazi hadi harufu ya gundi ilipokwisha. Kilichobaki ni sakafu ya mizigo, ule ubao unaofunika gurudumu la akiba. Ubao mpya uko tayari, umepakwa vanishi, lakini bado sijauvika. Raba ya mlango wa nyuma nimeibadilisha na sijaiamini bado, kwa hiyo ubao umelala mtupu na karatasi kavu chini yake, pembeni mwa gurudumu. Kila mvua ikikatika nafungua, nainua na kutazama. Kona ya kushoto ililowa mara ya kwanza. Niliirudisha raba kwenye mdomo wake wa bati na kuigonga kwa nyundo ya mpira, na tangu hapo karatasi imekuwa kavu. Ikivumilia mvua kubwa bila tone, nitaukata mshale wa mwisho wa chaki kutoka kwenye bunda lile lile la kapeti.